Gome la Muthiga na Mkono Unaolibandua

Wanaopinga dawa ya gome la muthiga, mti wa nyanda za juu za Kenya ambao Wamaasai huuita osokonoi, wana hoja mbili nzito. Wanasema gome hilo halijapimwa vya kutosha kwa wagonjwa, wala hakuna anayejua kijiko kimoja cha unga wake kina nguvu kiasi gani. Wanasema pia kwamba mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa, kwa kuwa chakula kinachotoka majanini hupitia humo kwenda mizizini. Yote ni kweli, na anayemchemshia gome mtoto mwenye malaria badala ya kumkimbiza hospitali anamhatarisha.

Hata hivyo, mzee anayelitumia gome hili anahukumiwa kabla ya kusikilizwa. Tafuna kipande cha ukubwa wa ukucha: kwanza utaonja ukavu wa kuni, kisha ukali kama wa pilipili utapanda kooni mpaka puani, na pua iliyoziba itaanza kutiririka. Ukali huo unatokana na kemikali kama poligodiali na warbuganali, na katika miaka ya 1970 watafiti waligundua kwamba warbuganali huwafanya viwavijeshi wasusie majani yaliyopakwa. Hilo halithibitishi kwamba gome huponya kikohozi au jino, lakini linaonyesha kwamba waliolichagua katikati ya msitu wenye miti tele hawakubahatisha.

Kuhusu kufa kwa mti, niliwahi kuonyeshwa muthiga nyuma ya boma moja, shina lake likiwa na kovu refu la upana wa kiganja, upande mmoja tu, kingo zake zikiwa zimeanza kujifunga, na juu matawi yamejaa majani. Mwenye mti ule anautaka uishi kwa sababu atauhitaji tena mwakani. Anayeuchuna mzunguko mzima ni mjaza magunia wa soko la mjini, ambaye harudi hapo. Marufuku inayowatia wawili hao kapu moja humshika yule wa kwanza, maana ndiye anayejulikana anakokaa, na huyu wa pili huhamia msitu mwingine.

Kwa jamaa wa muthiga anayeota kusini mwa Afrika, wachunguzi wamekuta majani yana kemikali zinazokaribiana na za gome, na majani huchumwa bila kuua mti. Njia hiyo yafaa ijaribiwe huku kwetu. Lakini kabla ya kuandika kanuni nyingine, ofisa wa misitu angefika kwenye boma lile akamuulize mwenyewe kovu lilikatwa msimu gani, na kwa nini upande ule.