Reli ya Kongwa iling'olewa mapema mno

Kijana wa Dodoma aliyezoea SGR ukimtajia Msagali atakuuliza ni wapi huko. Ni stesheni ndogo ya Reli ya Kati, upande wa Mpwapwa, ukishapita Gulwe kama unatokea Dar. Hapo ndipo Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, walipochepusha tawi fupi la reli kwenda Kongwa.

Walikuwa wanafuata karanga. Vita vimekwisha, kwao mafuta ya kula hayatoshi, wakaona dawa ni pori letu: mamilioni ya ekari. Vifaru vikageuzwa matrekta. Mibuyu ikakataa kung'oka, nyuki wakawatimua madereva, na udongo wa Kongwa kiangazi ukakauka kama sakafu ya saruji. Na mvua je? Ugogo huu huu uliopigwa na Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920! Mgogo yeyote mwenye mvi angewaambia, tena bure. Mwaka 1951 mradi ukafa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Miaka michache baadaye reli nayo ikang'olewa.

Watu huicheka hadithi hii yote kwa pamoja. Mimi naicheka nusu. Karanga zilikuwa upuuzi, sawa, lakini reli ilihukumiwa kwa kosa la karanga.

Nenda Kibaigwa, wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, msimu wa mahindi. Siku moja nilikwama pale sokoni asubuhi nzima nikisubiri usafiri. Kijana anashona gunia la lumbesa kwa sindano ndefu, limetuna juu kama nundu ya ng'ombe. Wawili wanalinyanyua, wa tatu anatwishwa, anapanda ubao unaonesa mpaka juu ya semi. Magunia mamia kwa mamia, yote yanaondoka kwa barabara, na gharama ya lori anaibeba mkulima, maana mnunuzi anaikata kwenye bei. Tawi la Msagali lingekuwepo, nani angelipanga foleni ile ya malori?

Babu mmoja muuza mbuzi alikuwa kakaa kivulini jirani yangu. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anaikumbuka treni ya Kongwa.

"Marahaba, mjukuu wangu. Naikumbuka, nilikuwa mtoto. Ilikuja hatuna cha kupakia."

Kisha akainuka kumpigia kelele dereva wa Fuso aliyekuwa anarudi nyuma kuelekea mbuzi wake.