Ziwa Likifungwa, Anayefunga Mkanda ni Nani?

Tukianza kuongelea hatari zinazoikabili dunia ya leo, mazungumzo hupaa juu sana. Tabianchi, madeni, vita, akili mnemba, vijana wasio na ajira. Kila hatari ina kongamano lake na mtaalamu wake. Mimi naishi Kigoma, na huku hatari hizo haziji moja moja wala hazibishi hodi kwa zamu. Zinaingia pamoja, na ukitaka kuziona nenda mwaloni asubuhi uulize bei ya beseni la dagaa.

Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake, na limebeba takriban asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi ambayo hayajaganda. Tunalimiliki nchi nne: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Mtu akisimama Bangwe akayatazama maji yale mpaka milima ya ng'ambo, ni kazi kumshawishi kwamba kitu kikubwa namna ile kinaweza kuumwa. Lakini kinaumwa, na nataka nieleze kinavyoumwa, maana naona wengi wetu tunalaumiana bila kujua ugonjwa ulipo.

Chakula cha ziwa kiko vilindini. Kila kinachokufa huzama, na virutubisho hujikusanya kwenye maji ya chini yasiyo na oksijeni, ambako samaki hawezi kuishi. Ili dagaa wapate kula, sharti virutubisho vile vipandishwe juu kwenye mwanga, mimea midogo ya majini iote, vijidudu viile mimea hiyo, dagaa wale vijidudu, kisha mgebuka amle dagaa. Kazi ya kupandisha chakula hicho hufanywa na upepo wa kusi unaovuma kuanzia mwezi wa tano hivi mpaka wa tisa. Sasa maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo ule ule wa miaka yote unashindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba uzalishaji wa chakula hicho cha msingi ziwani ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20, na kwamba hilo pekee linaweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30.

Hakuna mvuvi wa Katonga aliyepandisha joto hilo. Limetokana na moshi wa viwanda na magari ya nchi ambazo hazijawahi kuonja dagaa wetu. Hii haituondolei lawama yetu. Makokoro tumeyavuta sisi, nyavu za matundu madogo tumezishona sisi, na miti ya kwenye miteremko inayotazama ziwa tumeikata sisi kwa mashamba na mkaa, hata mvua ikinyesha udongo unashuka moja kwa moja kwenye mawe ya ufukweni ambako samaki wengi huzaliana. Ziwa limebanwa pande zote mbili, na pande hizo haziwezi kutibiwa tofauti tofauti.

Ndiyo maana mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, serikali yetu ilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Nitamke wazi kwamba mimi naunga mkono ziwa kupumzishwa. Samaki akipewa nafasi anazaa, na lilipofunguliwa niliwasikia wavuvi wenyewe wakisifia walichokuta. Ninachobishana nacho ni jinsi gharama ya pumziko hilo ilivyogawanywa.

Watu wa pwani ya ziwa si wageni wa kupumzika. Kila mwezi, mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inalala, kwa sababu taa haivuti dagaa kwenye mwanga wa mwezi. Nyavu zinatengenezwa, injini zinafunguliwa, watu wanakwenda shambani. Uchumi wote wa mwaloni umejipanga kuvumilia siku hizo. Miezi mitatu ni jambo jingine. Mwenye mitumbwi na injini zake anaweza kuwa na nyumba ya kupangisha mtaa wa Mwanga au duka Gungu, atavuka. Kibarua wake anayelipwa kwa mgao wa usiku hana kitu. Baada yake wanafuata wengine ambao hata hatuwaiti wavuvi: anayebeba mabeseni kutoka mtumbwini, mama ntilie wa pale mwaloni, kijana wa bodaboda, na wanawake wa kuanika.

Shangazi yangu ni mmoja wa hao wa kuanika. Anachukua dagaa wabichi alfajiri, mara nyingi kwa mali kauli, anawamwaga kwenye chanja zake za wavu wa waya zilizoinuliwa juu ya miti, kisha anapita akiwatawanya kwa viganja wasilaliane. Jua likiwa zuri, jioni anakusanya. Wingu likitanda saa sita anawahi kuwafunika kwa turubai, kwa kuwa dagaa aliyelowa mara ya pili hubadilika rangi, na mchuuzi wa Dar es Salaam anaijua rangi hiyo kabla hajafungua gunia. Chanja hizo alizipata kwa mkopo. Zamani alikuwa akianika mchangani kama wengi, na dagaa wa mchanga bei yake unaijua.

Ziwa lilipofungwa, chanja zilibaki tupu lakini marejesho ya kila wiki hayakusimama. Akakopa pengine ili alipe pale, kwenye ile mikopo ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Mwezi wa pili akauza wavu wa chanja mbili. Nilipomwuliza kwa nini asingoje kidogo, alinijibu, "Mwanangu, ziwa limepumzika. Mkopo haujapumzika."

Hapo ndipo ninapoiona hatari yenyewe ya zama hizi. Joto la dunia lilimfikia shangazi likiwa limegeuka kuwa deni. Halikumkuta kwa mafuriko wala kwa ukame, ingawa hayo nayo tunayajua. Na deni likishaingia ndani ya nyumba, mtoto anasimama shule, kijana anaingia ziwani usiku kwa magendo huku akiwakimbia askari wa doria, na ule mpango mzuri wa kuliponya ziwa unaanza kuchukiwa na watu walewale uliokusudiwa kuwalinda. Sheria inayochukiwa na wanaoishi nayo haidumu. Utawaweka askari mwaka huu na mwaka kesho, lakini ziwa lenye ukubwa huu halilindwi kwa boti za doria.

Mambo mengine yana mkondo huo huo, nami nitayapitia haraka. Kule kwenye kambi za Nyarugusu na Nduta, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limepunguza mgao wa wakimbizi mara kadhaa kwa kukosa fedha za wafadhili, na mwaka 2023 ulishuka hadi nusu. Uamuzi wa bajeti wa nchi ya mbali unaishia kwenye sufuria ya mama wa Kikongo, na kwenye msitu wa Kasulu pia, maana mwenye njaa atakata kuni auze. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipobana mafuta ya alizeti na Indonesia ikazuia mawese yake kutoka kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei, mafuta ya kupikia yalipanda bei hata hapa. Kigoma, nyumbani kwa michikichi! Jambo hilo lilinichoma sana. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche ya Tenera, aina ya mchikichi inayotoa mafuta mengi kuliko michikichi yetu ya asili, na kila mche unaopandwa hapa unatupunguzia kutetemeka pale nchi nyingine inapokohoa.

Kwa hiyo nina matumaini, na nina sababu zake. Moja iko kaskazini mwa mji, kando ya hifadhi ya Gombe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe mwaka 1960 na kufariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, alipita angani juu ya eneo lile mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaona vilima vya nje ya hifadhi vimebaki vipara. Sokwe walikuwa wamezungukwa na vijiji vilivyoelemewa. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE. Kinachonivutia ni kilichofuata: wanavijiji walipoulizwa wanahitaji nini, waliweka mbele afya, shule na chakula, na mradi ukawasikiliza. Miche ya miti ikaja pamoja na maji, uzazi wa mpango, mikopo midogo ya akina mama na kahawa ya Kalinzi. Baadaye vijiji vikapanga matumizi ya ardhi yao, vikatenga misitu ya kijiji, na kwenye baadhi ya miteremko miombo imechipua yenyewe kutoka kwenye visiki, kwa sababu tu imeachwa. Vilima vile havijapona vyote. Lakini walioamua kuiacha miti ni watu waliokuwa na njia nyingine ya kula.

Nchi nyingine zimekwisha kufanya hivyo kwa wavuvi. Brazili tangu mwaka 1991 ina sheria ya kumlipa mvuvi mdogo mshahara wa kima cha chini wakati samaki wanapozaliana na uvuvi umezuiwa. Bangladesh inawagawia mchele wavuvi wa samaki wa hilsa katika miezi ya marufuku. Bangladesh si tajiri. Iliamua tu kwamba samaki wa kesho ni mali ya taifa, na kwamba si haki mtu mmoja wa ufukweni alipie mali ya taifa zima kwa njaa ya watoto wake.

Sisi tunakosa nini? Ushuru wa mialo unakusanywa miezi yote ambayo ziwa liko wazi. Sehemu yake iwekwe kwenye mfuko wa pumziko, BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, na halmashauri waushike kwa pamoja, na hesabu zibandikwe ubaoni pale mwaloni kila mtu azisome. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na mwaka uliofuata ikarudi. Basi kwa wilaya za ufukweni itolewe mwezi wa pili au wa tatu, ili shangazi aingie mwezi wa tano akiwa na kuku au bustani iliyokwisha kuota. Wakopeshaji wenye leseni waamriwe kusimamisha marejesho ya wafanyabiashara wa dagaa kwa miezi hiyo mitatu, bila riba kuendelea kuhesabiwa. Na daftari la wanaostahili liandikwe kwa majina ya wanaofanya kazi mwaloni, wanaoanika na wanaobeba wakiwemo. Likiandikwa kwa majina ya wenye mitumbwi peke yao, tutakuwa tumewalipa wasio na shida.

Waheshimiwa madiwani wa Kigoma Ujiji, Kigoma na Uvinza, bajeti zenu hupitishwa kabla ya Julai. Mnapokaa safari hii, naomba kifungu cha mfuko huo wa pumziko kiwemo, na kiasi chake kisomwe kwa sauti kwenye mikutano ya hadhara ya Katonga na Kibirizi kabla ziwa halijafungwa tena.