Kifaru aliyevikwa deraya

Tarehe 20 Mei 1515 kifaru alishushwa melini Lisbon. Alikuwa zawadi ya Sultani Muzaffar wa Pili wa Gujarat kwa Wareno, na tangu enzi za Warumi Ulaya haikuwa imemwona mnyama wa namna ile. Habari zake zikafika Nuremberg, Ujerumani, kwa barua na mchoro wa harakaharaka, zikamkuta mchoraji Albrecht Dürer. Kifaru mwenyewe Dürer hakumtia machoni hata siku moja. Alimchora hivyo hivyo, mchoro ukachongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, karatasi zikaanza kutoka.

Ukiitazama picha yenyewe utacheka kidogo. Ngozi imekatwa mabamba mabamba kama chuma kilichopigwa ribiti, miguu ina magamba, na mabegani kumeota kipembe cha pili, kidogo, kilichosokotwa. Aliyewahi kumwona faru wa Ngorongoro anajua wetu wana pembe mbili, lakini zote puani! Nuremberg ulikuwa mji wa mafundi deraya, na nadhani jicho la Dürer lilizoea chuma kuliko ngozi ya mnyama. Sisi tulilikopa jina la mnyama tukaliita gari la vita. Yeye, karne nne kabla yetu, alimvika mnyama vita. Hata maandishi yaliyo juu ya picha yamekosea: yanasema mnyama aliletwa mwaka 1513.

Picha hii inanisumbua kwa sababu tumezoea kusikia kwamba uchapaji ndio ulioleta usahihi katika zama za Renesansi, ule mwamko wa sanaa na elimu huko Ulaya. Hoja hiyo si ya bure. Kabla Gutenberg hajachapa Biblia yake mjini Mainz katika miaka ya 1450, picha ya kitabuni ilinakiliwa kwa mkono, na kila mkono uliongeza lake; jani la mmea likipita kwa wanakili kumi, tabibu asingelitambua tena shambani. Mchongo wa mbao uliliondoa tatizo hilo. Tena ubao ulikatwa kwa kimo kilekile cha herufi za madini ya risasi, hivyo maneno na picha vilipakwa wino pamoja na kubanwa kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1543 kitabu cha Vesalius kuhusu mwili wa binadamu kilipochapwa Basel, tabibu wa Padova na wa Paris waliweza kubishana juu ya msuli mmoja wakitazama mchoro uleule. Hilo lilikuwa jambo jipya, na kubwa.

Lakini mashine inayorudia ukweli bila kuchoka hurudia kosa vilevile. Conrad Gessner, mwanachuoni wa Zürich, alipoanza kuchapa kitabu chake kikubwa cha wanyama mwaka 1551, kifaru aliyemweka humo ni huyo wa Dürer, kipembe cha mabegani kikiwa mahali pake. Picha ikaendelea kunakiliwa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Ubao wenyewe ulipasuka, ufa ukapita kwenye miguu ya mnyama, na bado wachapaji wakaendelea kuupaka wino.

Utetezi wa kwamba hapakuwa na picha bora haufui dafu. Mwaka uleule wa 1515 Hans Burgkmair, mchoraji wa Augsburg, naye alichapa kifaru wake, bila kumwona vilevile, akakaribia ukweli zaidi: hakuna kipembe cha ziada, ngozi ni ngozi, na miguu ya mbele imefungwa pingu. Leo inajulikana nakala moja tu, iko Vienna. Ufundi ulikuwa mmoja na mwaka mmoja, ila picha iliyo sahihi ndiyo iliyozama. Ya Dürer ilishinda kwa sababu inapendeza mno, na kwa sababu ya ile alama ya A na D, herufi za jina lake, ambayo wanunuzi walikwisha kuijua.

Alama hiyo ina kesi yake. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, anasimulia kwamba mchongaji Mwitaliano Marcantonio Raimondi alizinakili kwenye shaba picha za Dürer, alama na yote, akaziuza Venice. Dürer akaenda kulalamika kwa watawala wa mji, akaambulia amri moja: Marcantonio asiitumie tena ile alama. Picha zenyewe ruksa. Mwizi? Ndiyo, kwa macho yetu. Lakini mkono huohuo ndio ulioshirikiana baadaye na mchoraji Raffaello kule Roma, na kwa shaba zake mafundi ambao hawakuwahi kukanyaga Italia wakajifunza namna Raffaello alivyopanga miili, ingawa rangi zake hawakuzionja.

Mimi bado nauunga mkono uchapaji, ila si kwa sababu ya usahihi. Haukuwa na macho ya kupambanua. Ulichofanya ni kuwaweka watu wengi mbele ya kitu kimoja, wakipende au wakikatae. Kumkataa kifaru huyu kulichelewa mno, kukangoja mnyama halisi: Clara, kifaru jike kutoka India aliyefika Rotterdam mwaka 1741 na kuzungushwa miji ya Ulaya kwa maonyesho. Mwaka 1747 kitabu cha Albinus cha mifupa na misuli, kilichochapwa Leiden, kilimweka Clara nyuma ya kiunzi cha mtu, mabegani hana kitu. Chapa ilikuwa imelibeba sahihisho kwa mikono ileile iliyobeba kosa.

Yule kifaru wa kwanza Mfalme Manuel wa Ureno alimpeleka kwa Papa Leo wa Kumi. Mwanzoni mwa 1516 meli ilizama karibu na Porto Venere, na inasimuliwa kwamba mnyama alishindwa kuogelea kwa sababu ya minyororo. Katika picha ya Dürer yuko huru. Pingu zimo kwenye ile karatasi moja ya Vienna.