Abiria wa Chupani

Viluwiluwi wa mbu wana masharti ya safari kuliko bibi harusi. Chupa ijazwe nusu tu ili wapate hewa, mdomo ufungwe kwa chachi na mpira, maji yasipate joto. Yakipata joto wanakua mbio: kwenye 20°C yai huchukua kama majuma matatu kuwa mbu, kwenye 30°C juma moja hivi. Joto hilo ndilo ninalolichunguza, nalo ndilo lililonipeleka mashamba ya mpunga ya Mwea na kata nyeupe mkononi, nikichagua wale wanaolala sambamba na uso wa maji, maana hao ndio Anofelesi, mbu wa malaria. Wanaoning'inia kichwa chini nawaachia wenyewe.

Narudi Nairobi kwa matatu na sanduku la barafu. Chupa moja ina pupa watupu, walio siku moja mbili tu kabla ya kuota mabawa. Makanga, aliyekwisha kuuza hadi nafasi ya miguu yangu, akaliweka sanduku juu ya injini. "Hapo iko sawa, daktari." Iko sawa kweli! Maabara nyingi hazina joto zuri hivyo.

Foleni ya Thika Road ikatunasa Githurai, giza likiingia, saa ile ile mbu wapya hupenda kutoka. Makanga alikuwa ameshaamua moyoni kwamba nimebeba maziwa ya mala. Akafungua sanduku, akavuta chachi.

Dereva ndiye aliyetangulia kujipiga kofi.

"Mbu wa nani hawa?" Gari zima likanigeukia. Mama mmoja akamdaka mmoja, akammulika kwa simu. "Huyu ana ndevu."

Alikuwa nazo: vipapasio vilivyojaa manyoya. "Huyo dume, mama. Haumi, hunyonya utamu wa maua."

"Na mkewe?"

"Mkewe kazaliwa sasa hivi, malaria ataitoa wapi? Sharti kwanza amuume mgonjwa, kisha vimelea vikomae tumboni mwake siku kumi hivi au zaidi. Tena kukiwa na baridi, chini ya 18°C hivi, vile vikali zaidi havikomai."

Mzee wa kiti cha nyuma akakohoa. "Kwa hivyo umewaleta Nairobi kwa sababu huku nako kumeanza joto?"

Wafadhili wangu hawajawahi kuuliza swali zuri hivyo, ila hawaulizi wakiwa wameinua bakora.

Nusu ya gari ikashukia papo hapo. Makanga akanyoosha kiganja: nilipe nauli za walioshuka, au za hao wangu waliobaki, kichwa kwa kichwa. Tukapatana mia tano, na sanduku likapanda keria.