Zizi la babu limeuzwa kwa tripu

Mwezi uliopita nilifika nyumbani Kayenze nikakuta lori la Fuso limeegeshwa pale zizi la babu lilipokuwa. Vijana wanne walikuwa wanapakia mawe. Ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa umekwisha kuondoka, na udongo mweusi ambao haukuwahi kuona jua tangu babu alipoufunika ulikuwa wazi, bado una unyevu. Baba mdogo alisimama kivulini akihesabu tripu. Mawe yalikuwa yanakwenda kujenga msingi wa nyumba ya mtu mjini. Hakuwa ameiba kitu. Eneo ni lake kwa urithi, mawe ni yake, na shule ilikuwa inamdai ada ya binti yake. Nasema hivyo mapema ili asitokee mtu akadhani nimekuja kumshitaki mzee wangu hadharani.

Ninachotaka kusema ni kwamba zizi lile lilikuwa jengo. Lilikuwa na ufundi wake na historia yake, na lilistahili kulindwa sawa na nyumba yoyote ya Mjerumani iliyoko juu ya mlima hapa Mwanza. Hatujazoea kuliita zizi jengo. Kwetu jengo lazima liwe na bati, madirisha na mlango wa kufuli. Zizi ni "pale kwa ng'ombe", basi.

Babu alizaliwa Ukara, kisiwa kidogo kaskazini mwa Ukerewe, akavuka kuja bara akiwa kijana, kama walivyovuka Wakara wengi kwa sababu ardhi kule haikuwatosha. Ukara ni mawe na watu. Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakikitaja kisiwa hicho kwa mshangao tangu enzi za Mwingereza, maana Wakara walilima shamba lile lile mwaka hadi mwaka bila kulipumzisha, tena kwenye udongo wa kichanga usio na nguvu. Siri ilikuwa samadi. Ng'ombe hawakuachwa wazurure. Walifungiwa ndani, mahali palipochimbwa chini kuliko sakafu, wakaletewa majani humo humo, na mbolea ikajaa polepole mpaka siku ya kubebwa kwenda shambani. Katikati ya uwele watu walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, kisha wakayafukia yaongeze rutuba. Penye mteremko walipanga mawe ili mvua isiuteremshe udongo ziwani. Ukuta, shimo, ng'ombe na uwele vilitegemeana. Ukikitoa kimoja, vingine vinayumba.

Babu alikuja bara na akili hiyo. Zizi lake lilikuwa la mviringo, hatua zangu ishirini toka upande mmoja hadi wa pili, na sakafu yake ilichimbwa kina cha kiuno. Halikuwa na saruji hata kijiko. Chini aliweka mawe makubwa yaliyobingirishwa kwa magogo. Juu ya hayo alipandisha kuta mbili zinazotazamana, katikati akashindilia vijiwe. Kila baada ya hatua chache alilaza jiwe refu linalopita toka ukuta wa nje hadi wa ndani, ili zile kuta mbili zishikane zisije zikaachana. Mlango ulikuwa mwembamba, wa ng'ombe mmoja mmoja. Mvua ikinyesha maji yalipita katikati ya mawe yakaenda zake, maana ukuta wa namna hiyo hauna mahali pa kuyafungia. Kazi yangu utotoni ilikuwa kurudishia vijiwe vilivyodondoka. Babu alikuwa akinikagua, na kosa lililomuudhi ni moja: kuweka jiwe juu ya jiwe moja ilhali lilitakiwa kulalia mawili.

Najua kwamba maeneo mengi ya Usukumani hayakujenga hivi. Kwenye mbuga, kule mawe ni ya kutafuta, watu walizungushia kaya zao minyaa na mazizi yao miiba, na hiyo nayo ni akili ya kupewa heshima. Hata huko jiwe lilikuwa na kazi yake. Vihenge vilikaa juu ya mawe ili mchwa na unyevu visifikie mtama. Ukipita kwenye shamba la zamani ukaona mawe manne matano yamekaa mduara bila sababu, ujue hapo palikuwa na chakula cha watu.

Sasa sheria. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Jengo linalopata ulinzi moja kwa moja chini ya sheria hiyo ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linasubiri Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Pwani mwaka huo una maana, kwa sababu Kilwa ilikuwa na misikiti ya mawe karne nyingi kabla yake. Lakini uchukue ukaupime huku kwetu. Speke, yule msafiri Mwingereza, aliliona Ziwa Victoria mwaka 1858, miaka mitano tu kabla ya mstari huo. Mji wa Mwanza huhesabiwa kuanzia mwaka 1892. Karibu kila ukuta wa mawe unaoujua hapa, wa mkoloni, wa misheni, wa ushirika au wa mkulima, uko upande usiolindwa. Nyumba ya mkoloni angalau ina watalii wanaoipiga picha, na siku moja kelele zao zitamfikia Waziri. Zizi la Mkara aliyehamia Kayenze nani atalipeleka mezani kwake?

Jibu ambalo huwa napewa ni kwamba dunia haiwezi kujali mazizi. Imeshayajali. Ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, si mbali na ziwa hili hili, kuna Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, yanayokadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, unene wake ni kama mita moja, na ndani yake watu waliishi pamoja na mifugo yao. Kuta zile nazo zina uso wa nje, uso wa ndani na kijazio katikati. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nilipoona picha zake mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda, kwa sababu niliutambua ule mpangilio. Sidai kwamba babu alijifunza kwa Wajaluo, wala Wajaluo kwa Wakara. Nasema watu wa ziwa hili wamekuwa wakilijua jiwe kwa muda mrefu, na upande mmoja wa mpaka umelisajili wakati upande wa pili unalipakia kwenye Fuso.

Kubomoa siyo hatari pekee. Kuna na kukarabati vibaya, na hili linaniuma zaidi kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Kijijini kuna ghala la pamba lililojengwa enzi za ushirika, zile enzi za kiongozi wa ushirika Paul Bomani na wenzake, wakulima wa kanda hii walipounganisha vyama vyao mwaka 1955 ili wauze pamba yao kwa sauti moja. Vyama vya ushirika vilipofutwa mwaka 1976 ghala likakosa mwenyewe, na hata viliporudi miaka ya themanini halikupata mtu wa kulitazama. Kuta zake ni za mawe yaliyounganishwa kwa udongo wa kichuguu. Miaka miwili iliyopita likapigwa plasta ya saruji nje na ndani, likapakwa rangi, watu wakapiga makofi. Masika ya kwanza tu ukuta wa nyuma ukaota kitambi. Maji yanapanda toka ardhini na mengine yanaingilia juu penye bati bovu. Zamani yalikuwa yanakauka kupitia ule udongo, sasa saruji imeyafungia ndani na udongo umekuwa uji. Ukuta ule ulihitaji bati zima, mtaro wa kuondoa maji, na udongo mpya mahali palipolika. Gharama yake ingekuwa ndogo kuliko mifuko ile ya saruji.

Nikisema tulinde sina maana ya kuzungushia senyenge na kuweka kibao. Zizi lisilo na ng'ombe hufa, kwa sababu hakuna mtoto wa kurudishia vijiwe. Lindeni kwa kutumia. Halmashauri zetu zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Zitunge moja inayomtaka mtu, kabla hajauza mawe ya ukuta wa zamani, apite kwanza kwa mtendaji wa kijiji, na afisa utamaduni wa wilaya aje apige picha, apime, aulize wazee nani alijenga. Hilo peke yake lingetupa orodha, na leo hatuna hata orodha. Anayeamua kutunza apate kitu: apunguziwe ushuru wa mifugo, au apewe bati za ghala. Mtu mwenye ada ya shule shingoni hawezi kuombwa alinde urithi wa taifa bure. Pia vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wafundishwe kupanga mawe makavu wakati wazee wanaojua wangali hai. Mwanza tuna mawe kila mahali, na ufundi tuliobaki nao ni wa kuyachoma moto na kuyaponda kokoto. Sisemi hivyo kwa dharau. Akina mama wanaoponda kokoto milimani wamesomesha watoto wengi. Nasema tu mkono unaojua kuponda ungeweza kujua na kupanga.

Jioni ile nilikaa na baba mdogo mpaka giza likaingia. Hatukugombana. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani nyinyi mlioko mjini mmelisahau." Alikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwa sababu mara ya mwisho nilirudishia kijiwe nikiwa darasa la saba. Tukakubaliana: ada iliyobaki nitatoa mimi na dada zangu, na Fuso halitarudi. Masika yakiisha tutaupandisha upya ukuta wa mashariki kwa mawe ya shambani, chini ya mzee mmoja jirani ambaye aliwahi kumsaidia babu. Kuna ndama wawili wa kuanzia. Na yale mawe makubwa ya chini hayakwenda mjini. Vijana waliyasukuma yakawashinda, kwa hiyo mduara wote bado unaonekana, uko pale pale babu alipoyabingirishia.