Mjini Uende Siku ya Tatu

Nina msimamo ambao wenzangu wa kambi wameuchoka: ukipiga hema karibu na mji wa watalii, usiende mjini siku ya kwanza. Wala ya pili. Uchovu wa safari ukiwa bado mwilini, utaupita mji mbiombio kama mtu anayekimbizana na basi. Ngoja siku ya tatu, umeshalala chini mara mbili na umeacha kuuliza saa ngapi.

Hapo ndipo mwenye hema anapomzidi mgeni wa hoteli. Mji wa watalii unaishi kwa mahitaji ya mgeni: pa kulala, pa kula, pa kupumzika. Wewe kitanda unacho, jiko unalo, hata kiti cha kukunja. Huna la kuuomba. Unaweza kukaa saa nzima kwenye ngazi za jengo la kale ukitazama wapita njia, na siku isihesabike kuwa imepotea.

Ila raha hiyo hulipiwa asubuhi kabla ya kuondoka. Moto umwagie maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa kiganja. Ukisikia joto, hujauzima. Chakula kisibaki ndani ya hema, maana panya habishi hodi, anatoboa. Sanduku la barafu likae kivulini, na barafu iwe bonge, si vipande, kwa kuwa bonge huyeyuka polepole. Na kamba zikaze hata kama mbingu ni nyeupe: hema la nailoni likilowa hulegea. Niliwahi kulidharau hili. Niliporudi jioni mvua ilikuwa imeshapita, hema limejilaza kama mtu aliyepokea habari mbaya, na godoro langu la upepo linaelea. Usiku huo nililala kwenye gari, miguu nje ya dirisha.

Mjini kwenyewe, kila kitu ni saa. Mabasi ya watalii hushusha watu asubuhi ikishakomaa, huwazoa alasiri. Kabla ya hapo mji ni wa wenyewe: wanaofagia mbele ya maduka, wanaoshusha mizigo, watoto wanaowahi shule. Mimi hufika wakati huo. Umati ukishatapakaa barabara kuu, nazama vichochoroni au naingia makumbusho (si Jumatatu, mengi hufungwa siku hiyo). Orodha ya vivutio sibebi. Najiruhusu kimoja tu, na kikiwa na foleni ndefu, nakiacha bila kinyongo. Nimeona watu wakipiga picha kumi na mbili za mnara ambao hawakuutazama kwa macho yao hata dakika moja.

Maduka ya zawadi hayanisumbui. Sumaku ya friji, nami nimekuja na sanduku la barafu?

Kinachonishinda ni machweo. Kila mji wa watalii una mahali pake pa kutazamia jua likizama, na kila mara najiambia nitabaki kidogo tu. Ndiyo sababu nimewahi kuzunguka kambini gizani nikipapasa hema za watu, nikiomba radhi huku na kule, natafuta langu, ambalo ndani yake, juu ya mto, kulikuwa na tochi.