Dhoruba Ndani ya Chekechea

Ngoma ya bahari humpendeza mtoto wa miaka minne kuliko chombo kingine chochote cha muziki, kwa sababu haihitaji kupigwa. Ni duara pana lililowambwa pande zote mbili na kutiwa punje ndogo ndani, na anayeiinamisha taratibu upande mmoja, kisha upande wa pili, husikia wimbi likifika ufukweni na kurudi. Tulikuwa na ngoma halisi moja tu kwa darasa zima, jambo ambalo kwa watoto wa umri huo ni tangazo la vita, hivyo niliwaundia nyingine kwa visanduku bapa vya kadibodi vilivyotiwa shanga na kuzungushiwa selotepu. Mwalimu mwenzangu, ambaye ana hakika kwamba kila mtoto anatafuta kitu cha kumeza, alipita nyuma yangu akiongeza selotepu juu ya selotepu, mpaka kadibodi yenyewe ikawa haionekani tena.

Nayataja hayo ili ijulikane kwamba katika yote yaliyofuata, hakuna ushanga hata mmoja uliotoka.

Tulianza na kazi ya mikono. Kila mtoto alipewa lile bomba la karatasi gumu linalobaki shashi ya msalani ikiisha, akalipaka rangi, kisha tukamsaidia kulichana sehemu ya chini na kuikunjakunja kwa penseli ili apate pweza mwenye minyiri minane. Hesabu hiyo haikumbana kila mtu. Mmoja alitoa pweza wa minyiri kumi na mmoja, na nilipomwuliza akanijibu kwamba huyo ni mkubwa. Gundi ilipokuwa ikikauka, niliwasimulia kwamba pweza ana mioyo mitatu, na kwamba damu yake ni ya buluu kwa sababu ina shaba pale ambapo yetu ina chuma. Kwa kawaida maelezo ya aina hiyo hupita juu ya vichwa vyao na kutokea dirishani. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, walinisikiliza.

Kisha zikaja chupa. Bahari ya chupa hutengenezwa kwa maji yaliyotiwa rangi ya buluu na mafuta safi juu yake, na kwa kuwa mafuta hayayeyuki katika maji, nayo ni mepesi kuliko maji, hurudi kukaa juu hata uvitikise namna gani. Ukiilaza chupa na kuiyumbisha, wimbi zito hupita ndani yake kwa utulivu wa kupendeza. Tulitia humo samaki wadogo wa plastiki na kupaka gundi kwenye vifuniko, nasi tukazipanga chupa karibu na mlango ili gundi ishike.

Sehemu ya mwisho ilikuwa muziki. Nusu ya darasa ilishika visanduku, na nusu nyingine ilishika kingo za shuka kubwa ya buluu iliyokuwa bahari yenyewe. Niliwafundisha ishara mbili tu: nikiinua mikono, dhoruba inapanda, sauti zikue na shuka irushwe juu, nikiishusha mpaka sakafuni, bahari imetulia na kila mtu anyamaze. Ndiyo njia niipendayo ya kuwafundisha watoto tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kwa kuwa huwafanya wamtazame kiongozi badala ya kutazamana. Tulirudia hadi wakawa hodari, na pweza wote waliwekwa juu ya shuka wapate kuogelea.

Wakati huo msichana mmoja mpole, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alikwenda kwenye chupa yake na kuifungua. Alieleza baadaye kwamba samaki alikuwa amefungiwa. Alimwaga bahari yote sakafuni, akamchukua samaki, akamweka kwenye shuka pamoja na wengine, na alipomaliza akawafungulia pia samaki wa rafiki zake watatu, kwa kuwa alikuwa mtoto wa haki.

Mvulana aliyekuwa karibu alitazama lile dimbwi la buluu likienea, akakumbuka somo, na kupiga ukelele: "Damu ya pweza!"

Sijui kama umewahi kusikia darasa la chekechea likiomboleza. Hawakulia kwa zamu. Mwenye pweza wa minyiri kumi na mmoja ndiye aliyelia kwa sauti ya juu zaidi, ingawa wa kwake alikuwa mkononi, mzima kabisa. Nikawa napaza sauti kwamba ni maji tu, ni rangi tu, lakini kwa kuwa nilikuwa nimewaambia mwenyewe damu hiyo ni ya rangi gani, sikuwa na hoja.

Mwalimu Mkuu alisikia kilio hicho kutoka ofisini mwake na kuja mbio, jambo linalompa sifa. Alifungua mlango na kukanyaga dimbwi, na kwa kuwa mafuta hukaa juu ya maji, ndiyo yaliyotangulia kukutana na viatu vyake. Akaanza kuteleza kuelekea katikati ya chumba, amesimama wima, na ili asianguke akainua mikono yote miwili.

Watoto walikuwa wamefundishwa vizuri. Kilio kilikatika, visanduku vikatikiswa kwa nguvu zote, shuka ikarushwa mpaka karibu na dari, na pweza wakaruka kila upande. Mwalimu Mkuu alipiga kelele wakome, lakini mikono yake ilikuwa bado juu, na dhoruba ikazidi. Nami niliishusha yangu mara kadhaa bila kuonwa na mtu, kwa kuwa tayari alikuwa amepatikana kiongozi mwenye mvuto kuniliko. Hatimaye miguu ilimsaliti, akaketi juu ya shuka bila kuumia, viganja vyote viwili vikiwa sakafuni.

Chumba kikawa kimya papo hapo. Katika kazi yangu yote sijaona ishara ya utulivu ikifuatwa kwa usahihi wa namna ile, na nilijizuia kwa shida nisipige makofi.

Yule msichana mpole alimsogelea, akaitazama sketi yake iliyokuwa imelowa buluu, kisha akamwuliza kwa huruma ana mioyo mingapi.

Mada ya muhula ujao imekwisha kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, kwa mwandiko wa Mwalimu Mkuu mwenyewe. Ni jangwa, na chini yake ameongeza kwamba mchanga hautahitajika.